Ukurasa mmoja wa Ijumaa si kazi ya mashine

Muhula uliopita, nikiwa nimesimama mbele ya ubao wa matangazo ulio nje ya afisi yangu, karatasi mkononi na pini mdomoni, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alinikaribia, akaniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo halijaniondoka moyoni. "Mwalimu," alisema, "mbona unajitaabisha hivi kila Ijumaa? Siku hizi kuna programu ambayo ukiipa makala ya kurasa thelathini, inakupa muhtasari wake kabla hujamaliza funda moja la chai."

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilibandika karatasi yangu, nikamshukuru kijana yule, nikaenda zangu darasani. Makala haya ni jaribio la kumjibu yeye, pamoja na walimu na wanafunzi wengine ambao bila shaka wamekwisha kujiuliza swali lilo hilo.

Yafaa kwanza nieleze karatasi yenyewe. Tangu mwaka 2012 nimejiwekea ada. Kila juma la masomo husoma jambo moja linalohusu teknolojia, iwe ni makala ya jarida, sura ya kitabu au ripoti, kisha nikaandika kwa Kiswahili, katika ukurasa mmoja tu, mambo matatu: nilichokielewa, nisichokielewa, na neno moja lililonitatiza kulifasiri. Ukurasa huo huubandika siku ya Ijumaa kabla ya saa nne. Wanafunzi huupiga picha kwa rununu zao wakapelekeana, na baadhi ya walimu wa shule za sekondari waliopitia mikononi mwangu hunidai nakala zao kama mtu anayedai gazeti lake. Kurasa hizo sasa zimepita mia tatu.

Mimi si mhandisi, wala sikusomea tarakilishi. Ni mwanaisimu. Nilianza kwa sababu niligundua siku moja kwamba wanafunzi wangu, walioshika rununu kutwa kucha, hawakuweza kunieleza, kwa lugha yoyote waijuayo, jinsi sauti ya mtu inavyotoka katika kifaa kimoja ikafika katika kingine. Kibaya zaidi ni kwamba hata mimi niliyewauliza sikuweza.

Hata hivyo, wazo la kufanya jambo hilo kila juma silo langu. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamifu nilikutana maktabani na majalada ya insha za Eugene Garfield, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1925 na kufariki mwaka 2017. Wanaomfahamu humhesabu miongoni mwa waasisi wa sayansi ya habari. Ni wachache wanaokumbuka kwamba shahada yake ya uzamifu, aliyoipata mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ilikuwa ya isimu miundo. Tasnifu yake ilieleza jinsi mashine inavyoweza kulichukua jina la kemikali na kuligeuza kuwa fomula. Alikuwa amesomea kemia, akasomea ukutubi, kisha akasomea lugha.

Katika miaka ya hamsini ya karne iliyopita, Garfield aliona kwamba majarida ya sayansi yalikuwa yameongezeka kupita uwezo wa msomaji yeyote. Dawa aliyoibuni ilikuwa sahili ajabu. Alizikusanya kurasa za yaliyomo za majarida mbalimbali, akazichapisha upya katika kijitabu cha kutosha kutiwa mfukoni, akakituma kwa posta kila juma. Kijitabu hicho kilijulikana kwa jina la Current Contents, na kazi yake ya mwanzo mwanzo ilifanyiwa katika banda la kuku lililokarabatiwa huko New Jersey. Ndani yake mlikuwa na anwani za watungaji, hivi kwamba mtafiti ambaye maktaba yake haikuwa na fedha za kununua jarida fulani aliweza kumwandikia mtungaji postikadi na kumwomba nakala. Mwalimu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika chuo chenye rafu tupu ataelewa thamani ya postikadi hiyo.

Mwaka 1962 Garfield akaanza kutia humo maelezo yake mwenyewe kuhusu aliyoyasoma na aliyoyawaza. Miaka ilivyosonga, maelezo hayo yakawa insha ya kila juma, na insha zake hadi mwaka 1993 zilipokusanywa zilijaza majalada 15. Ieleweke kwamba mtu huyu hakuwa adui wa mashine. Kampuni yake ilitumia tarakilishi kuunda faharasa kubwa ya sayansi, iliyotoka mwaka 1964, ambayo huonyesha ni nani aliyemtaja nani katika maandishi yake. Hata Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wakibuni mwishoni mwa miaka ya tisini ile mbinu ya kupanga kurasa za mtandao iliyozaa Google, kazi ya Garfield ilikuwa miongoni mwa walizozirejelea. Mashine zake ziliorodhesha na kuhesabu. Lakini insha ya juma aliitia jina lake mwenyewe. Wafanyakazi wake walimsaidia kutafuta habari, ila lawama zilipokuja, zilimjia yeye.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jibu la swali la yule kijana. Orodha humwambia msomaji kuna nini. Insha humwambia kwamba mtu fulani, mwenye jina na afisi, amesoma, ameteua, na yuko tayari kuulizwa.

Lakini mwalimu wangu huyu wa mbali alinikera katika jambo moja, nami siwezi kulificha. Mwaka 1976 aliandika katika jarida la Kifaransa La Recherche makala iliyouliza iwapo sayansi ya Ufaransa haikuwa imejifungia mno nyumbani. Ushauri wake ulikuwa kwamba watafiti wa Ufaransa waandike kwa Kiingereza wapate kusomwa na ulimwengu. Wafaransa wengi walichukizwa. Nami nilipoyasoma hayo nilijiuliza: ikiwa Kifaransa, chenye vyuo na maabara za karne nyingi, kilishauriwa kukaa kando, Kiswahili kitaambiwa nini?

Sisemi kwamba Garfield alikosea kabisa. Utafiti wangu mwenyewe aghalabu nauchapisha kwa Kiingereza, kwa sababu zile zile alizozitaja. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kuutangazia ulimwengu matokeo ya utafiti na kumfafanulia jirani jambo ulilolisoma jana. La kwanza lina hadhira yake na lugha yake. La pili hutendeka katika lugha ambayo jirani anaweza kukukatiza nayo na kukuambia, "Hapo sijakuelewa." Msomi asiyeweza kukatizwa hivyo hajui bado kama ameelewa au amekariri.

Nitatoa mfano. Kuna juma moja niliandika kuhusu njia ya kuficha ujumbe ambayo Whitfield Diffie na Martin Hellman waliichapisha mwaka huo huo wa 1976, na ambayo leo ni msingi wa usalama wa malipo na mazungumzo mengi ya mtandaoni. Nilitumia istilahi "usimbaji fiche", nikadhani nimemaliza kazi. Mwanafunzi mmoja mzaliwa wa pwani akaniambia, "Kumbe ni kinyume tu, Mwalimu." Alikusudia ule mchezo wa lugha ambao watoto wa Waswahili huichukua silabi ya mwisho wakaitanguliza, "kitabu" kikawa "bukita", ili wageni wasiwaelewe.

Nilifurahi, kisha nikatatizika. Katika kinyume, anayejua kuficha neno anajua pia kulifichua, kwa kuwa kanuni ni ile ile. Katika mbinu ya Diffie na Hellman na waliowafuata, ajabu yenyewe ni kwamba kanuni ya kufungia inaweza kutangazwa sokoni bila hofu. Ni kama mtu agawe makufuli yaliyo wazi kwa kila apitaye. Yeyote aweza kulibana kufuli juu ya kisanduku, ila ufunguo anao mwenyewe peke yake. Ukurasa wa juma lililofuata niliuandika upya nikianza na kinyume na kuishia na kufuli. Naamini mpaka leo kwamba siku ile ndipo mimi mwenyewe nilipolielewa jambo hilo, ilhali nilikuwa nimekwisha kuliandikia ukurasa mzima.

Wakereketwa wa lugha watanielewa nikisema kwamba hapa ndipo istilahi zetu zinapokosa malezi. Tangu ilipoundwa ile Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, na baadaye BAKITA nchini Tanzania mwaka 1967, orodha nyingi za istilahi zimetungwa, na kazi hiyo naiheshimu. Lakini neno halikomai kwa kuorodheshwa. Hukomaa kwa kutumiwa na watu wanaohitaji kuelewana. Ngamizi lilitungwa likasinzia, tarakilishi likashika mizizi katika shule za Kenya, na kompyuta likatamalaki ng'ambo ya Namanga. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, hakuna aliyehitaji kamusi ili aelewe maana ya wakala, salio na kutoa pesa. Maneno hayo yalikuwa mitaani tayari, yakapewa kazi mpya. Hivi sasa akili bandia, akili unde na akili mnemba yanang'ang'ania kiti kimoja. Halitashinda lile lenye hoja nzuri zaidi kongamanoni, bali lile ambalo walimu na wanafunzi wataliandika juma baada ya juma hadi kalamu ilizoee.

Ada hii ina gharama zake, na ya kwanza ni aibu. Mwaka wa pili wa kurasa zangu niliandika, kwa uhakika wa mtu asiyejua, kwamba ujumbe unaotoka Kenya kwenda ng'ambo hupaa hadi kwenye setilaiti kisha ukashuka huko uendako. Jumatatu yake nilikuta maneno yameandikwa kwa kalamu ya risasi pembeni mwa karatasi: "Na zile nyaya zilizofikishwa Mombasa mwaka 2009 ni za kuanikia nguo?"

Nilicheka, kisha nikaenda kusoma. Ni kweli kwamba mwaka huo wa 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM ziliifikia pwani yetu kupitia chini ya bahari. Ya TEAMS, yenye urefu wa takriban kilomita 5,000, inaiunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu. Ndani yake mna nyuzi za kioo ambamo mwanga hupita kwa kasi ya kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo safari nzima huchukua sehemu ndogo mno ya sekunde, kama moja ya arubaini. Setilaiti za aina niliyoielezea mimi zimekaa juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 36,000 hivi. Kupanda na kushuka kwake ni kilomita 72,000, na hata kwa kasi ya mwanga angani, hiyo ni karibu robo ya sekunde. Ndiyo maana simu za zamani za ng'ambo zilikuwa na kile kimya kidogo kati ya swali na jibu. Hayo yote niliyaandika Ijumaa iliyofuata, chini ya kichwa kisemacho "Nilikosea". Ukurasa huo ulinakiliwa kuliko wowote niliokuwa nimeuandika kabla yake.

Gharama ya pili ni upweke. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, nilibaki nyumbani na ukurasa usiokuwa na ubao. Majuma matatu yalipita bila neno. Nilijiambia kwamba ada ambayo haina msomaji ni kiburi tu, na kwamba ilikuwa imefika tamati yake. Juma la nne mwalimu mmoja wa shule ya kutwa akanipigia simu. Hakuniuliza habari za afya. Aliniuliza, "Daktari, Ijumaa yetu iko wapi? Nina watoto thelathini na wawili ambao hawana kitu kingine cha kusoma juma hili." Niliandika usiku ule ule, kuhusu sabuni na jinsi molekuli zake zinavyoufumua utando wa mafuta unaovifunika virusi vya korona. Nilijifunza wakati huo kwamba ada ya kila juma haimilikiwi na anayeiandika peke yake. Ukishawazoesha watu, umekopa.

Turudi sasa kwa yule kijana na programu yake. Ijumaa iliyofuata nilimwita, nikamwambia: "Ubao ni wako juma lijalo, kijana wangu. Tumia programu upendavyo. Sharti ni moja tu. Utaandika jina lako chini, na utasimama hapa muda wote wa mapumziko ya chai." Alikubali kwa furaha.

Alileta ukurasa kuhusu betri za ioni za lithi, zile zilizomo katika rununu, ambazo waliozibuni, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walituzwa Nobeli ya kemia mwaka 2019. Sina budi kusema ukweli: ukurasa ule ulikuwa mzuri. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko changu cha mwaka 2012. Wanafunzi wakakusanyika. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza, "Mbona betri yangu, baada ya miaka miwili, haifiki jioni?" Kijana akautazama ukurasa wake, akausoma tena, akanyamaza. Mwingine akauliza ioni ni nini. Wa tatu akauliza ni kwa nini ameteua habari hiyo na si nyingine. Maswali yote matatu hayakupata jibu, na chai ikapoa.

Sikumcheka, maana nami nilikuwa na nyaya zangu za kuanikia nguo. Nilimwachia ubao juma jingine. Safari hii alileta ukurasa alioandika mwenyewe, wenye makosa mawili ya tahajia na mstari mmoja uliofutwa. Alikuwa ameandika kwamba ioni za lithi ni kama abiria wanaosafirishwa kati ya steji mbili, huku betri ikitumika na kule ikichajiwa. Kila safari abiria wachache hunaswa katika utando unaojijenga kwenye steji moja, wasirudi tena. Baada ya mamia ya safari, matatu haijaharibika, lakini abiria wamepungua. Msichana yule wa mwaka wa kwanza alisoma, akatikisa kichwa kukubali, akaitazama rununu yake.

Basi jibu langu ndilo hili. Sipingi programu hizo. Nazitumia kutafuta makala na wakati mwingine kukagua nilichoandika. Lakini muhtasari unaotolewa bila mtu kuelewa chochote haumwachii mtu chochote. Ukurasa wa Ijumaa una faida kwa anayeusoma, na una faida maradufu kwa anayeuandika akijua kwamba ataulizwa. Mashine haiwezi kusimama ubaoni wakati wa chai ikaona haya. Haya hiyo, ndugu msomaji, ni sehemu ya elimu.

Kwa walimu wa sekondari na msingi, natoa rai mlijaribu jambo hili bila kungoja fedha wala waraka kutoka juu. Teueni siku moja isiyobadilika. Mpeni mwanafunzi mmoja zamu ya kusoma jambo moja la teknolojia: jiko la gesi, mita ya umeme, sindano ya chanjo, pampu ya maji ya kijiji. Aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ataje alichosoma na mwandishi wake, akiri asichokielewa, kisha wenzake wamuulize. Atakayekosea asahihishe juma lijalo, mahali pale pale na kwa herufi za ukubwa ule ule. Msiahidi kurasa mbili. Ada nyingi njema hufa kwa sababu ya ahadi kubwa za juma la kwanza.

Kwa wanafunzi nina neno fupi zaidi. Msingoje mpaka mjue. Mimi nilianza nikiwa sijui sauti inavyosafiri, na hadi leo sehemu ya pili ya ukurasa wangu, ile ya nisichokielewa, ndiyo hujaa kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, ila hakijazwi na anayesubiri gunia.

Yule kijana sasa ana Ijumaa moja ya kila mwezi. Juma lililopita alinijia na swali jingine: je, aendelee kuandika "akili unde" au abadilishe? Nilimwambia aandike analoweza kulitetea wakati wa chai.